Sentensi ya Kweli

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na sharti langu ni moja: neno si lako mpaka ulitungie sentensi ya jambo lililotokea kweli. Habari za paka na mkeka sizitaki.

Sharti hilo nimelileta nyumbani, maana mdogo wangu anataka uuguzi na usaili wa chuo ni wa Kiingereza. Mwaka jana alisailiwa, lakini hakuitwa kujiunga. Alilia siku mbili, akanawa uso, akaniambia, "Kiingereza changu ndicho kilichoniponza, dada. Nifundishe."

Ukweli ni kwamba aliitwa. Barua niliipokea mimi, nikaisoma nimesimama mlangoni, nikaichimbia chini ya vitambaa kwenye droo ya cherehani. Mama alikuwa ameanguka bafuni mwezi ule, na mdogo wangu akiondoka, wa kumgeuza kitandani ningebaki mimi. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya mama. Uongo mtupu. Nilichoka hata kabla sijaanza.

Leo asubuhi aliweka kidole kwenye kamusi, penye neno *thwart*.

"Ni kumzuia mtu mpango wake usitimie," nilimwambia.

"Kama kumchelewesha?"

"Aliyecheleweshwa atafika. Huyu hafiki."

"Ahaa! Kumtia mtu mchanga kwenye kitumbua chake."

"Hapo umepata."

Akaandika, kisha akabaki anatafuna kalamu. "Mbona sina sentensi? Nani amewahi kunifanyia hivyo?" Akanisogezea daftari. "Tunga wewe, dada. Ya kweli lakini, usinichakachulie."

Ningeweza kumpa sentensi ya mvua iliyovunja mechi. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini mikono yake ilinuka dawa ya kuchua ya mama, na alinitazama kama wanangu wa darasa la kwanza wanavyonitazama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaenda kwenye cherehani, nikarudi na barua, nikaiweka juu ya daftari.

Aliisoma taratibu, kidole mstari kwa mstari. Hakuniuliza neno hata moja.

"Wameandika Kiingereza changu ni kizuri," alisema.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Chumbani mama aliita, anataka kugeuzwa. Mdogo wangu akainuka kama alivyozoea, akafika katikati ya sebule, akasimama. Kisha akarudi kuketi, akavuta kamusi.

"Nenda wewe, dada," alisema.