Mkwe Wangu na Pampu Iliyogoma

Jumatatu ile mke wa mwanangu alipowasha mashine ya kupimia dawa, pampu ilinguruma, ikapiga kelele ya hatari, ikajizima. Mimi nilikuwa kwenye sinki naosha chupa. Ndiyo kazi yangu pale maabara, na ndiyo maana wananiita Mama Chupa. Presha ambayo siku zote hukaa mia na kidogo ilikuwa imekimbilia karibu mia nne.

Mkuu wa maabara akaja mbio. "Umeiua?"

"Bado inapumua, Mkuu."

"Safu imeziba hiyo." Safu ni kile kibomba cha chuma ambamo dawa hupita ikajitenga. Tulikuwa nayo hiyo moja tu, na dawa ya maji ya homa ya watoto ilikuwa inangoja kupimwa ndipo iende wodini. "Mashine isipopona leo, kesho unahamia mapokezi kupokea sampuli. Mashine atashika Chapchap."

Chapchap, mwenzake wa meza ya pili, akakohoa. "Msinitazame mimi. Ijumaa sikuigusa."

Nilijua mkwe wangu alivyoihangaikia nafasi ile. Mwanangu yuko mbali kikazi, na kila jioni mkewe husoma kitabu chake kinene mezani kwangu, mtoto kalala mgongoni. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikaendelea kusugua. Hofu sikuwa nayo. Nimemwona akitafuta sindano iliyopotea: hatupi magodoro nje, anaanza pale alipokaa.

"Mkuu, usiihukumu safu kwanza," alisema. "Nafungua kiungo kimoja kimoja, kutoka mwisho nikirudi kwenye pampu. Presha ikishuka, kilichoziba ni kile nilichotoka kukiondoa."

Akalegeza mrija wa mwisho, akawasha polepole. Presha juu. Akaitoa safu yote, akawasha. Juu vilevile.

"Haya, safu haina hatia."

Mkuu akavuta kiti, akakaa. Mkwe wangu akaung'oa mrija unaotoka kwenye pampu. Wapi! Namba zikapanda tena.

"Basi pampu yenyewe imekufa," Chapchap akasema. "Tuizike."

"Tulia wewe. Hata maiti hupimwa kwanza," mkwe wangu akamjibu.

Akaifungua vali ya pampu, akachomoa kwa kibano kichujio kidogo kuliko punje ya dengu. Kilikuwa na ukoko kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni. Akakidondoshea maji ya uvuguvugu, na ukoko ukayeyuka mbele ya macho yetu.

Akakiweka kichujio mezani. Nikaacha kusugua.

Angeweza kusema kichujio kimezeeka. Nani angembishia?

"Ni chumvi," alisema. "Ijumaa nilikuwa napitisha maji ya chumvi. Kabla ya kufunga nikaweka spiriti moja kwa moja, sikupitisha maji matupu katikati. Chumvi ikikutana na spiriti inaganda. Ni mimi, Mkuu. Nilikuwa nawahi kumchukua mtoto."

Chapchap akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Mkwe wangu hakungoja kujibiwa. Akaweka kichujio kipya, akaisafisha pampu kwa maji taratibu, akarudisha mirija, mwisho safu. Akawasha. Namba zikapanda, zikafika mia na kidogo, zikatulia tuli kama mtoto aliyeshiba.

Mkuu akainuka kitini, akazitazama. "Mapokezi utaenda kufanya nini wewe? Kaa na mashine yako. Ila Ijumaa hii nitakusimamia hapo mgongoni kama mama mkwe."

"Nafasi hiyo ina mwenyewe, Mkuu."

Wote wakanigeukia, wanacheka. Nikashukuru kimya, nikajifuta mikono.

"Pimeni dawa," nikawaambia. "Watoto wanangoja."