Ng'ombe Akianguka

Kathambi alikuwa ameanguka mtihani wa leseni ya unasi, yaani uuguzi, mara tatu, na Zuleka, mwenye ploti alimopanga pale mjini Embu, aliwajua kwa majina wote waliolaumiwa.

Mara ya kwanza lawama iliangukia kalamu. Nabii mmoja wa Kianjai, kwao Kathambi, aliipaka mafuta ya upako hadi ikawa inateleza vidoleni kama kambare, na binti akamaliza mtihani akiifukuza chini ya meza. Mara ya pili alilaumiwa Kivuti, kijana wa kuuza simu, aliyempa maswali yaliyovuja. Yalikuwa yamevuja kweli, ila yalivuja kutoka kwenye mtihani wa wafamasia. Mara ya tatu hakukuwa na nabii wala Kivuti. Kathambi alikisoma kitabu kizima, akakikariri hadi jina la mchapishaji, na akaanguka vilevile. Basi lawama ikakosa mwenyewe, ikarudi kulala naye.

Zuleka, ambaye wapangaji walimwita Mama Shukri, alikuwa mjane wa mchinjaji, marehemu Jamaldin. Swala tano hazikumpita, na mambo ya wapangaji hayakumpita pia. Kwa hayo ya pili aliomba toba kila usiku, na asubuhi akaanza upya. Shule aliiachia darasa la saba. Kiingereza chake kilitosha kumwamkia mwalimu na kumuaga, lakini herufi alizisoma zote, na macho yake hayakuhitaji cheti.

Sasa mara ya nne ilikuwa imekaribia, na mjomba Kiunga alikuwa ametuma neno kutoka Kianjai: akianguka tena, arudi nyumbani, kibanda cha ndizi kinamngoja sokoni. Kathambi aliyasema hayo huku akikuna sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Mtu mmoja tu hakuwa na haraka ya kumwona akipita. Huyo alikuwa Mwongera, mwenye kliniki kule Manyatta alikomwajiri Kathambi kuchemsha vyombo na kushika watoto wa watu wanapodungwa sindano. Nasi mwenye leseni hudai mshahara wake. Asiye nayo hushukuru, na Mwongera alipenda sana kushukuriwa. Watu walimwita Daktari. Cheti chake hakuna aliyekiona, ila kile chombo cha kusikilizia moyo alikivaa shingoni hata matangani, kama vile maiti angebadili nia. Na kliniki yake ilikuwa na sheria moja: kitu kisiguswe kabla hajaitwa. Hata nzi akitua kidondani, aitwe yeye kwanza aje amfukuze.

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Kathambi alikaa barazani kwa Zuleka na kitabu cha maswali ya majaribio. Alisoma swali na majibu yake manne, akachagua herufi, naye Zuleka akaangalia majibu mwishoni mwa kitabu na kutia alama kwa penseli. Maana ya maswali hakuijua. Lakini siku ya tano aliweka penseli chini, akavuta kitabu, akaanza kupitisha kidole polepole juu ya majibu yaliyokosewa.

"Hapa kuna neno hili," alisema. "Na hapa. Na hapa pia. Dokta, dokta, dokta. Kila penye dokta umemfuata, na kila ulipomfuata umeanguka."

Kathambi akainama kutazama. Maswali yote yale yaliuliza jambo moja: mgonjwa yuko hivi, nasi atafanya nini kwanza? Huyu anatoka damu, yule pumzi imeziba. Na Kathambi kwa wote alikuwa amejibu kwamba atamwita daktari.

"Si ndiyo heshima, Mama Shukri?" aliuliza. "Nitamtangulia mkubwa namna gani?"

Akaeleza kwamba kwao mtoto hagusi kitu kabla ya kuambiwa. Siku moja njahi za nyanya yake, yale maharage meusi, ziliungua hadi chungu kikapasuka, na yeye amekaa jikoni akizitazama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aepue. Nyanya alimsifu kwa adabu yake, wakalala njaa.

Zuleka alicheka hadi leso ikamdondoka. Kisha akamwambia habari ya ng'ombe wa Njiru wa Kanja. Njiru alimfunga ng'ombe wake nje ya buchari, akaenda zake hotelini kunywa chai. Ng'ombe akaanguka ghafla, macho yakageuka. Watu wakapiga kelele kwamba mwenyewe aitwe. Jamaldin hakumwita mtu. Alishika kisu, akapiga bismillahi, akachinja, damu ikaruka ingali na uhai, ndipo akasema sasa mwiteni. Njiru alifika akitukana, akaondoka akishukuru, maana angengojwa amalize chai, angekuta mzoga, na mzoga haulishi Mwislamu wala haumwachii mwenyewe faida.

"Kisu kikitangulia, ni nyama. Mwenyewe akitangulia, ni mzoga," Zuleka alisema. "Hiyo kwanza wanayokuuliza ni kwanza ya kisu."

"Lakini mtihani si buchari, Mama Shukri."

"Najua. Buchari sisi hatukuanguka mara tatu."

Kathambi alinuna siku mbili. Siku ya tatu alirudi na kitabu, na akaendelea kumwita dokta, ila sasa alimwita kwa wasiwasi.

Jumamosi, wiki moja kabla ya mtihani, Mwongera alifika kwa miguu yake, saa ya chakula kama kawaida yake. Alikuja kusema kwamba ruhusa aliyoomba Kathambi ya kwenda kwenye mtihani hatapewa, kliniki ina kazi. Zuleka akamkaribisha, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mzigo, akamwekea nyama ya kuchoma na ugali. Mwongera alikula na kuhutubia kwa mdomo mmoja. Alisema unasi si wa kila mtu. Alisema wengine Mungu amewapangia ndizi. Alikuwa anaanza kueleza yeye alivyofaulu zamani, wapi hakutaja, pande la nyama likapotea njia.

Aliinuka. Mikono ikashika koo, uso ukaiva kama nyanya, kisha ukaanza kuwa wa buluu. Sauti haikutoka.

Kathambi akasimama wima na kupaza sauti. "Daktari! Daktari!"

Aliyeitwa alimtazama kwa macho yaliyomtoka. Hakuwa na nafasi ya kuitika.

Zuleka hakuinuka kwenye mkeka. Alisema kwa utulivu, kama anayeomba chumvi, "Mwanangu, ng'ombe ameanguka."

Kitu kikakatika kwa Kathambi, au kikaungana. Alimwinamisha Mwongera akampiga mgongoni kwa kisigino cha kiganja, mara tano, akihesabu. Halikutoka. Akamkumbatia kwa nyuma, akafunga ngumi juu ya kitovu, akamvuta ndani na juu kwa nguvu za mtu aliyechota maji mtoni utoto wake wote. Mara ya tatu pande la nyama liliruka, likatua juu ya kitabu cha maswali. Mwongera akaanguka kitini, akapumua kama mlango mbovu.

"Hukuniuliza," alisema alipopata sauti.

"La," Kathambi alijibu. "Nitakuuliza sasa. Unaendeleaje?"

Ruhusa hakuiomba tena. Aliondoka kwenda mtihani na kalamu kavu ya dukani, na aliporudi hakumlaumu mtu yeyote. Alisema tu kwamba wakubwa wote amewangojesha nje.

Matokeo yalikuja kwa simu akiwa barazani. Alipita. Zuleka aliomba simu aione mwenyewe, akapitisha kidole juu ya neno la kufaulu, akamhimidi Mungu kwa sauti ya chini. Mjomba Kiunga akatuma neno kwamba yeye siku zote alijua, na kibanda cha ndizi akampa mtu mwingine.

Mwongera naye alifika, saa ya chakula. Aliwaeleza wapangaji wote waliokuwepo kwamba siku ile hakuwa amekabwa. Alikuwa anampima binti, na binti alifaulu kwake kabla ya kufaulu kwingine.

Zuleka alimkaribisha mkekani, akachukua kisu cha marehemu, akaikata nyama yake vipande vidogo vidogo, kama vya mtoto anayeota meno, akamwekea na kijiko.