Chupa Iliyofunguliwa Baridi

Nimechoka, jamani. Nasema mapema asije mtu akaniuliza mbona nina gubu. Nikitoka maabara naenda wodini kwa mama, nikitoka wodini narudi maabara, na njia nzima mdogo wangu ananililia kwenye simu.

Ini la mama limevimba, macho yamekuwa manjano. Daktari alipouliza anatumia nini, mdogo wangu, ndiye anayeishi naye, akasema kweli: mdalasini wa unga, vijiko viwili kila asubuhi, eti unashusha sukari. Daktari akaguna. Kuna mdalasini wenye kumarini nyingi, kemikali ya asili ya mmea, akasema, na kumarini huwaharibia ini baadhi ya watu. Kama ndiyo yenyewe, mkiacha, ini linaweza kupona.

Tangu siku hiyo mdogo wangu hali, halali. "Dada, nimemuua mama kwa mkono wangu mwenyewe." Nikamwambia aniletee mfuko wa huo mdalasini kazini tuupime.

Mwenzangu wa maabara tunamwita Haraka, na jina limemkaa. Akanipimia nikiwa wodini. Nilirudi nikakuta jibu: kumarini imepita kiasi cha usalama, ingawa si kwa mbali.

"Ile chupa uliisubiri?" nikamuuliza.

Akaanza kujikuna kichwa. Chupa yenyewe ni ya kumarini safi, iliyotolewa kwenye mmea ikasafishwa, ndiyo tunayolinganishia kila sampuli. Hukaa kwenye friza. Ukiitoa, unaiacha imefungwa mpaka ipate joto la chumba. Ukiifungua ingali baridi, inatoka jasho ndani na unga unalowa.

"Nilitaka kukuokolea muda, dada."

"Umeniokolea nini? Umeweka maji kwenye mizani ukayaita kumarini!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kumarini yetu ya kulinganishia ilikuwa pungufu, basi mdalasini ukaonekana una kumarini nyingi kuliko ilivyo. Sikuwa na nguvu za kugombana. Nilitoa chupa mpya, nikaiweka mezani, nikavuta kiti.

Simu ikalia, mdogo wangu. "Umefikia wapi?"

"Nasubiri chupa ipate joto."

"Chupa! Mimi roho iko mkononi, wewe unabembeleza chupa?"

"Ndiyo, na haina habari na roho yako. Tulia."

Nilitamani kuifumbata kwa viganja ipate joto upesi. Sikuthubutu. Ilipokuwa tayari nikapima mwenyewe, nikapima tena, nikamwita Haraka naye apime mbele yangu. Mara zote tatu jibu likawa moja: kumarini iko chini ya kiasi cha kumdhuru mtu.

Mdogo wangu alikuwa getini. Nilipomwambia, akakaa chini palepale kwenye vumbi, analia na kucheka kwa pamoja. "Siyo mimi! Wallahi siyo mimi!"

"Siyo wewe, mdogo wangu. Inuka."

Nikamkumbatia, nami machozi yananitoka, akadhani ni ya furaha. Si ya furaha. Kutwa nzima nilikuwa namwomba Mungu uwe ni huo mdalasini. Kijiko cha mdalasini unaweza kukitupa, ini likapona.

Akajifuta uso kwa kanga. Kicheko kikamkatika taratibu, akanitazama.

"Sasa, dada, kinachomla mama ni nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Twende wodini, saa ya kuona wagonjwa inapita."