Kiti cha Udongo Mwekundu

Nafisa alikuwa akiwagawia wageni mayai ya kuchemsha, gari limeegeshwa pembeni mwa barabara pale Mute, bibi mmoja alipotokea upande wa kijiji kipya, akapanda, akakaa kwenye kiti cha nyuma. Kiti kilikuwa kitupu kwa sababu mgeni mmoja alikula kamba wabovu Palma akabaki kitandani. Bibi alivaa sanda, na juu ya sanda kapulana, kanga ya njano iliyofungwa vizuri. Alipokaa, udongo mwekundu ulimdondoka mabegani.

"Shikamoo, bibi," Nafisa alisema. "Hili ni gari la ziara."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo nililolitaka. Nimekufa mwezi uliopita, miguu haijazoea mwendo."

Dereva Feliciano, Mmakonde wa Mueda, alimtazama kwenye kioo, akauliza kama ana mzigo wa kufunga juu. Hakuwa nao. Akawasha gari.

Bibi alijitambulisha kuwa ni Atija wa Nakoche, nyumba ya mwisho kabla ya pwani. Nakoche kilikuwa kitongoji cha ghubani. Gesi ilipoonekana baharini kampuni iliwahamishia watu wake Mute, na pale walipokuwa wakiishi pakajengwa uzio.

"Makaburi nayo yalihamishwa," Atija alisema. "Walifanya kwa adabu, sitawasingizia. Shehe alikuwepo, sanda mpya zilikuwepo. Lakini walichukua waliokuwa makaburini. Mwanangu hakuwa makaburini."

Huko Nakoche, mtoto aliyekufa kabla ya arobaini yake hakupelekwa makaburini. Wanawake walimzika wenyewe nyuma ya nyumba, pale maji ya paa yanapodondokea, wakamfunikia bakuli, na hakutajwa tena mbele ya mwanamume.

"Vijana wa kampuni walipokuja kuandika nyumba waliniuliza kama nina kitu kingine uani. Wote wanaume, na mume wangu kasimama hapohapo. Nikasema nina minazi. Wakaandika minazi." Alijifuta udongo shavuni. "Sasa analia. Nilipokuwa hai nilidhani ni masikio yangu. Nilivyokufa nasikia vizuri. Na nimeambiwa nyinyi mnaingia."

Ilikuwa kweli. Siku ya mwisho ya kila ziara wageni waliingia ndani ya uzio, wakapanda jukwaa la mbao kutazama ghuba. Watu wa Nakoche hawakuruhusiwa. Nafisa alikuwa amesomea utalii Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, akarudi kwao akiamini kwamba mtu akiletwa kuona mahali, mwishowe atawapenda wenye mahali hapo. Mshahara wake ulimsomesha mdogo wake Hafsa hukohuko Pemba, lakini hata bila mshahara angeamini hivyo hivyo.

"Nitakufikisha, bibi. Ila tunaanzia mbugani. Uzio ni siku ya mwisho."

"Basi nitazunguka. Na jambo jingine. Nikishafika, usimwambie mtu nilipo. Wakijua watanihamisha tena, na safari hii mtoto watamweka kwake na mimi kwangu."

Nafisa aliahidi. Mkononi bado alikuwa na yai.

Atija alikuwa mgeni mzuri, mwenye kuuliza. Mbugani walisimama kutazama tembo, na wenzake wakitoa kamera yeye alichungulia dirishani akasonya. "Hao nawajua. Walinimalizia mihogo mwaka mzima, leo naletwa kuwatazama." Dona Beatriz, mwalimu mstaafu wa Maputo aliyekaa jirani yake, alimwazima kofia ya jua, akamuuliza kama huko alikozikwa kuna utulivu.

"Utulivu upo, mwalimu. Lakini nimelazwa kwenye shamba la watu. Walinyang'anywa wao, tukapewa sisi. Kila asubuhi mwenyewe anakuja kusimama juu yangu na jembe, anataka kupanda ufuta. Simlaumu."

Kila jioni Nafisa alipangusa kiti cha nyuma kwa ufagio mdogo. Kila asubuhi, Atija akishakaa, udongo ulikuwa umerudi.

Walipita Mocímboa, wakapanda hadi Quionga na kufika kingo za Rovuma. Hapo Nafisa aliwaeleza wageni jinsi Wajerumani walivyoishika Quionga, kisha Wareno wakaichukua, na mpaka ukasogea hadi mtoni.

"Na wenye minazi waliulizwa?" Atija alisema.

"Sijasoma hilo popote, bibi."

"Basi hawakuulizwa."

Siku ya mwisho, gari lilipoingia barabara ya ghubani, kilio kikaanza kusikika, chembamba, cha mtoto mwenye njaa. Feliciano alizima redio. Kifuani kwa Atija sanda ilianza kulowa maziwa. Dona Beatriz alimpa leso, akageuza uso wake upande wa dirishani ili Atija asimwonee haya.

Langoni walikuwepo watu wa Nakoche, kama walivyokuja kila Ijumaa, wamekaa mchangani na vikapu vya asumini, wakiomba waingie angalau kusoma dua. Mlinzi Bachir, kijana wa Quionga, aliwaambia kwa upole kwamba siku hiyo ni ya wageni. Kisha akaja dirishani kugawa kadi za kuvaa shingoni.

"Huyu si bibi Atija wa Nakoche?"

"Ni mgeni wangu," Nafisa alisema. "Yumo kwenye ziara."

"Dada, wa Nakoche hawaingii."

"Wa Nakoche walio hai," Feliciano alisema. "Huyu kafa, karudi, kaona tembo. Wewe umeona tembo?"

Bachir alifikiri. Maagizo yake hayakusema lolote kuhusu marehemu. Akampa kadi. "Lakini sikiliza, Nafisa. Aliyeingia na kadi atoke na kadi. Asipotoka, wewe ndiye wa kujibu."

Jukwaani kijana mmoja wa kampuni aliwaonyesha ghuba, akawaeleza gesi ilivyolala chini ya bahari na itakavyopozwa hadi iwe maji. Alilazimika kupaza sauti.

"Samahani kwa kelele hizo. Ni pampu. Mafundi wameshapaka grisi kila mahali."

"Ni mtoto," dona Beatriz alisema.

"Ndiyo, dona. Bado inashughulikiwa."

Atija alikuwa ameshashuka ngazi. Nafisa alimwona akipita kati ya makontena, akipima kwa macho, hapa jiko la shemeji, hapa kisima, mpaka akafika kwenye uwanja wa kokoto yalikoegeshwa matrekta. Aliketi kati ya matrekta mawili, akanyoosha miguu. Alifukua kokoto kwa viganja vyote viwili, akatoa kipande cha bakuli, akakiweka pembeni. Kisha akafungua sanda kifuani na kuinama.

Kilio kikanyamaza. Kijana wa kampuni alitazama saa kwa furaha. "Mnaona? Wametengeneza."

Wakati wa kutoka kadi moja ilipungua. Bachir aliwatazama wageni mmoja mmoja, kisha akamvuta Nafisa kando.

"Yuko wapi?"

"Sijui, kaka."

"Dada yangu, usijiharibie. Sema tu aliko. Tutamtoa kwa heshima, shehe ataitwa, atazikwa Mute vizuri, na wewe wiki ijayo uko kazini. Usiposema nawaandikia, na wakubwa hawatakuacha."

Watu wa vikapu walikuwa wamesimama, wanasikiliza. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, aligeuza shingo kuelekea uwanja wa matrekta, ambako kwa mara ya kwanza hakukusikika kitu. Alimtazama Nafisa, akainamisha kichwa.

"Sijui," Nafisa alisema.

Bachir alisikitika kweli. Alimvua kitambulisho cha uongozaji watalii shingoni kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani. Hafsa alirudi kutoka Pemba mwezi huohuo.

Ziara ziliendelea na kiongozi mwingine. Uzio ulibaki pale ulipokuwa, na watu wa Nakoche waliendelea kuja Ijumaa na kurudi na asumini zao. Kwenye kokoto, kati ya matrekta, kulionekana doa la udongo mwekundu. Wafagiaji walilifagia, likarudi, mwishowe madereva wakazoea kulizunguka.

Nafisa sasa alikaanga bajia sokoni Palma. Siku moja Feliciano alisimamisha gari mbele yake na kutoa mkono dirishani.

"Za kumi, mdogo wangu. Kiti kile sijakipangusa, unajua. Nasema labda atarudi." Alishusha sauti. "Mimi si Bachir. Mimi nilimtetea. Bibi yuko wapi?"

Nafisa alimtazama. Alikuwa mtu mwema, na tangu siku ile hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa wema.

"Sijui, kaka Feliciano," alisema, akamfungia bajia zake kwenye gazeti, na kumwongezea moja.