Tundu kwenye Sufuria ya Garnet

Tangu Burl Hensley arudi kutoka Ohio, Denzil Ratliff hakula akashiba. Chakula kilikuwa kile kile. Kila Jumapili baada ya kanisa alikaa mezani kwa Garnet, mjane wa huku bondeni, wakala mkate wa mahindi, maharage, na kindi wa kukaanga kwenye mchuzi mweupe. Kindi waliletwa na Denzil. Aliwapiga kichwani tu, nyama isiguswe, akawachuna mwenyewe, akawafunga kwenye kitambaa safi. Garnet naye akamwekea kiti cha dirishani. Hiyo ndiyo ilikuwa posa ya Denzil, ingawa neno posa halikuwahi kumtoka mdomoni. Katika milima ya Kentucky mwanamume anaweza kuchumbia miaka na miaka bila kusema kitu, na bonde zima likajua.

Sasa mezani palikuwa na sahani ya tatu.

Burl alikuwa amestaafu kiwandani. Alirudi na meno mapya, gari jipya na bunduki mpya, ile wanayoiita kumi na saba kwa upana wa risasi yake. Ya Denzil ilikuwa ishirini na mbili, aliyoachiwa na baba yake. Zote ni bunduki ndogo, risasi zake unazimimina kiganjani kama njugu. Ila risasi ya kumi na saba ni nyembamba zaidi na inakwenda mbio, imenyooka kama uzi hata kwa mbali. Ya Denzil haina haraka. Ikienda mbali huanza kuinama, na mpigaji lazima alenge juu ya mgongo wa mnyama ili imshukie pale inapotakiwa. Denzil hakuhitaji hata kufikiri; mkono wenyewe ulijua.

"Hiyo yako ni ya kuharibu chakula," Denzil alimwambia Burl Jumapili moja, akichokoa mfupa. "Ukimpiga kindi hubakiwi na nyama, unabakiwa na mkia."

"Afadhali mkia," Burl akajibu. "Hiyo yako, mzee mwenzangu, ikitoka Jumatatu inafika Jumatano. Kindi anaiona inakuja, anaaga watoto."

Garnet alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Denzil alijaribu kukumbuka ni lini yeye aliwahi kumchekesha hivyo. Hakukumbuka.

"Basi Burl," Garnet akasema, bado anacheka, "Jumatano uje na hiyo bunduki yako. Kuna mnyama anachimba chini ya banda langu, na maharage kayamaliza."

Alimaanisha yule mnyama wao wa mashimoni, mnene kama pimbi, mwenye meno ya kutafuna hata mpini wa jembe.

"Si ungeniambia mimi?" Denzil akauliza.

"Wewe Denzil? Yuko mbali, na ukisogea anaingia shimoni. Yako haifiki."

Haifiki! Alirudi kwake na neno hilo, akalala nalo, akaamka nalo.

Jumatatu alikuwa dukani kwa Ottis kabla sakafu haijakauka maji ya kudekia.

"Nataka risasi inayofika," alisema.

Ottis alimtazama. "Inayofika wapi?"

"Wewe niuzie."

"Kuna risasi ya nguvu, magnamu, lakini hiyo haiingii kwenye bunduki yako, ganda lake ni refu na nene. Zinazoingia ni hizi." Akaweka kwenye kaunta kiboksi chenye picha ya moto. "Urefu wa ganda ni ule ule, ila kichwa ni chepesi na baruti ni kali. Lakini Denzil, nisikilize. Bunduki yako imezoea zile za taratibu. Usiende nazo popote kabla hujapiga kwenye karatasi uone zinaangukia wapi."

"Mimi nimeanza kuwinda wewe hujaota meno."

"Sawa baba. Mimi nauza tu."

Kupima alikusudia kupima, kusema kweli. Alikuwa anatoka mlangoni gari la Burl likapita, na ndani, kiti cha mbele, kakaa Garnet na kofia yake ya mjini. Walikuwa wanakwenda kununua sukari, maana Jumamosi ilikuwa siku ya kupika jemu ya matofaa. Kila mwaka sukari ile aliibeba Denzil. Garnet alimpungia mkono, na Denzil akahisi amepungiwa kama anavyopungiwa mtu anayeachwa kituoni.

Karatasi ikasahaulika. Akaenda moja kwa moja, bunduki begani, mpaka kilima cha nyuma ya nyumba ya Garnet, akalala kifudifudi kwenye majani makavu. Watakaporudi watamkuta mnyama amelala ngazini, na hapo tuone haifiki ni ipi.

Mnyama alitoka, akasimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayesubiri posta. Denzil alishusha pumzi, na mkono wake ukafanya ulichozoea: ukalenga juu ya mgongo, kwa risasi inayoinama. Lakini hii haikuinama. Ilipita juu kwa juu, na nyuma kule kwenye uzio ikasikika *ngwaaa*, sauti ya kengele ya kanisa.

Denzil alijua kabla hajainuka. Sufuria kubwa ya shaba, ya bibi yake Garnet, ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa juu ya uzio ikauke. Maisha yake yote hakuwahi kufyatua bila kuangalia kilichoko nyuma ya mnyama. Siku ile aliangalia, akakiona, na wivu ukamwambia piga.

Alikwenda, akaweka kidole kwenye tundu, akaenda zake.

Jumatano Burl alimuua mnyama kwa risasi moja. Jumamosi walipomimina maji ya matofaa kwenye sufuria, yalivuja tunduni, na moto ukalia *shiii*.

"Burl!" Garnet alishika kiuno. "Umetoboa sufuria ya bibi yangu!"

Burl alibabaika. "Mimi? Nilimpiga katikati ya kifua mama, risasi haikutoka!"

"Sasa tundu limejitoboa?"

Denzil alitazama moto. Ndani yake kulikuwa na raha ambayo hakuipata wiki nyingi, raha tamu kuliko jemu yoyote. Mkemee, alisema moyoni. Mkemee tena.

Burl alipiga magoti, akachomoa risasi yake, akaichomeka kwenye tundu. Ilicheza huku na huku, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

Garnet akageuka. Akamwendea Denzil, akatia mkono kwenye mfuko wa shati lake, kifuani, pale anapoweka risasi siku zote. Miaka yote ile hakuwahi kumgusa kifua. Akatoa moja, akaijaribu. Ilikaa sawasawa.

"Ungeniambia siku ile ile ningekasirika nikamaliza," alisema. "Lakini umesimama hapa unaniangalia nikimkaripia mwenzio."

Denzil akaiepua sufuria, akamimina maji ya matofaa ndooni.

Burl, fundi wa kiwandani, akaleta kipande cha shaba na nyundo. "Ishike, mzee mwenzangu. Iegemeze kifuani, isitikisike." Denzil akaikumbatia sufuria. Kila pigo la nyundo lilimwingia mbavuni, na kati ya pigo na pigo alimsikia Garnet akisema, "Una mkono mzuri, Burl."

Jioni jemu ilikuwa imeiva. Garnet aliandaa meza. Kiti cha dirishani alikaa Burl. Kilichobaki kilikuwa cha mlangoni, kwenye upepo.

"Kama unataka kwenda, Denzil, sitakuzuia," Garnet akasema, bila ukali.

Denzil alitazama nje, akatazama wale wawili na chungu cha jemu katikati yao. Akavuta kiti cha mlangoni, akakaa.

"Nipitishieni mkate," alisema.