Mablanketi Asiyoyalalia

Mama Viraka alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu ulimwingia kwenye maungio ya vidole ukafanya makao. Subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, ilikuwa haitoki kidoleni mpaka aipake sabuni. Kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa vita: anaulamba, anaukodolea jicho moja, anakosa, anaulamba tena.

Tangu usichana wake, kushona mablanketi ya viraka ndiyo ilikuwa starehe yake. Wenzake walikwenda kupiga soga, yeye anakwenda kwa mafundi cherehani kuomba mabaki ya vitambaa. Juu anaunganisha viraka, katikati anatandaza pamba, chini anaweka shuka, kisha anayashona matabaka yote kwa mkono. Kila aliyeoa katika ukoo alipata blanketi. Kila aliyezaliwa alipata. Wakilipokea wanasema, "Loo, mikono hii!" naye anarudi kuanza jingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wetu akisifiwa alizidisha mishono, maskini.

Sasa mke wa mwanawe alikuwa mjamzito tena, na Mama Viraka amekuja kukaa kwao na furushi la vitambaa. Furushi lilibaki kando ya kochi, halijafunguliwa. Hakutaka kulishona blanketi hilo. Haya, limesemwa. Lakini ndugu zake wote wapate, huyu wa tumboni akose? Alichongoja ni mtu mmoja tu amwambie, "Mama, blanketi lako lilinifaa." Angesikia hivyo, angejikongoja ashone hili la mwisho.

Alasiri moja mvua ikaleta kijibaridi. Mkwewe alikuwa jikoni. Mama Viraka akafungua kabati atafute cha kujifunika, akayakuta mablanketi yake, la arusi na yale ya watoto, yamekunjwa vizuri na kufungwa kwenye nailoni. Vitandani yametandikwa ya dukani.

"Wanayatunza kwa uzuri wake," akajituliza. Akalichomoa la arusi, akajinyoosha kwenye kochi, akajifunika hadi kidevuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Ndiyo, jamani, ya kwanza! Umri wote ule hakuwahi kujishonea hata moja. Mwenyewe hulala na shuka.

Lilikuwa zito ajabu. Kisha likamkwaruza. Akageuka, likamkwaruza mgongoni. Akalipindua, akapapasa, akayakuta mafundo. Kila uzi ulipokwisha alikuwa akiufunga fundo upande wa chini, mara mbili, mara tatu, maana kwake fundo kuonekana juu ni aibu ya mshonaji. Chini nani ataliona? Kweli, haoni mtu. Anayelala ndiye anayelipata.

Mkwewe akatokea mlangoni na kikombe cha chai, akasita.

"Mama, hilo..."

"Linakwaruza."

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo! Wee, hili linamenya mtu kama kiazi." Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mbona hamkusema miaka yote hii?"

"Tungeanzia wapi, Mama? Unakuja umelikumbatia, vidole vimekuvimba. Baba watoto alisema atakayefungua mdomo atakiona cha mtema kuni. Yeye mwenyewe alilivumilia mpaka akaota vipele."

Mama Viraka akayapapasa tena mafundo yale. Ilimuuma, tena sana. Watu wazima, nyumba nzima, wanakwaruzwa wakisema asante, kwa sababu wanampenda. Angekasirika, lakini hata hasira inataka nguvu.

"Basi huyu mtoto," akasema polepole, "mnunulieni la dukani."

Alitaka abishiwe. Japo mara moja tu. Aambiwe, "Hapana Mama, shona, mafundo tutayaweka juu."

"Asante, Mama," mkwewe akasema, upesi mno, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mtungi kichwani. Kisha akamwekea kikombe mkononi.

Mama Viraka akanywa funda moja.

"Tamu sana, mwanangu," akasema, ingawa haikutiwa sukari.