Siku Kumi na Nne za Utulivu

Kuku wa kizimba cha tisa alikuwa bado hai huku utumbo wake ukivutwa na jirani yake. Mlishaji alipenyeza mkono kizimbani, akamtoa, akamvunja shingo, akamtia ndooni. Huyo alikuwa wa tatu asubuhi hiyo. Katika banda la nne kuku walikuwa wamesimama juu ya waya tangu walipoletwa, arobaini kila kizimba, bila kazi isipokuwa kula, kutaga na kudonoana.

Banda la kwanza lilikuwa na mambo mengine. Huko kila kizimba kilikuwa na fito za kulalia, kiota chenye pazia na sanduku la mchanga wa kuogea. Mlishaji aliwahi kushika zamu huko wiki mbili. Aliona kuku wakipanda fito jioni na kutulia bawa kwa bawa, shingo zao zimeota manyoya upya. Mara nne aliomba banda lake lipewe vifaa hivyo. Meneja alimjibu mara moja tu:

"Wageni hupelekwa la kwanza."

Sasa mgeni alikuwa amekataa kupelekwa. Mkaguzi wa ustawi wa mifugo alipiga simu kusema kwamba la kwanza ameshaliona. Leo, saa nne, ataingia la nne.

"Hamisheni fito zote za la kwanza zije huku," Meneja aliamuru. Alisimama mlangoni, leso puani. Hakuwa ameuvuka mlango huo tangu mwaka uanze.

"Bosi, wataogopa," mlishaji alisema. "Hawa hawajawahi kuona ufito. Kitu kigeni wanakikimbia, wanalundikana. Ilitakiwa tuwawekee mapema, wazoee taratibu."

"Umesomea wapi, mama? Chuo Kikuu cha Kuku?"

Mafundi walioitwa kuhamisha fito walicheka. Walicheka kila Meneja aliposema jambo. Ilikuwa sehemu ya kazi.

"Nimekaa nao miaka sita, bosi."

"Ndiyo maana unafikiri kama wao. Na mama yako je, bado anakohoa kwenye chumba cha kampuni?"

Mlishaji aliokota ndoo yake. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, na mama yake alikuwa amekilalia mwezi wa tatu sasa, mapafu yamejaa vumbi la banda hili hili alilolifagia kabla ya binti yake. Mwenye kazi alikuwa na chumba. Asiye na kazi alionyeshwa lango.

Fito za njano ziliingizwa saa mbili. Mambo yakawa kama alivyosema, ila upesi zaidi. Kuku waliruka, wakarudi nyuma, wakapandana kwenye kona ya mbali, na waliokuwa chini wakakosa hewa. Mafundi walijaza magunia kumi na moja ya mizoga. Meneja aliagiza yafichwe nyuma ya jenereta, kisha akaenda kubadili shati.

Mkaguzi alifika na tepu ya kupimia na fomu ya kurasa tisa. Alipima fito, akagawanya kwa idadi ya kuku, akaridhika. Kisha akachuchumaa.

"Mbona hakuna hata mmoja aliyepanda?"

"Mlishaji wetu atakueleza," Meneja alisema, akitabasamu kwa meno tu. "Yeye ndiye mama yao."

Mlishaji alifikiria kitanda. Kisha akafikiria banda la kwanza, ambako walionyang'anywa fito walikuwa wameshaanza kunyonyoana.

"Zimewekwa leo asubuhi, dada. Waliokufa wako nyuma ya jenereta."

Mkaguzi hakushtuka. Alifunua ukurasa wa saba, akausoma kwa kidole.

"Hapa hawaulizi vifaa vimefika lini. Wanauliza kama vipo, na vipo. Kuhusu kuku kupata hofu, chanzo kilichoorodheshwa ni kimoja: mhudumu." Alimtazama kwa huruma ya kikazi. "Lakini asante kwa kusema ukweli. Watu kama wewe mnatusaidia sana."

Wakaenda ofisini kunywa chai. Saa sita Meneja alirudi na karatasi. Shamba limefaulu, kwa masharti mawili. Mhudumu wa banda la nne aondolewe. Kuku wapewe siku kumi na nne za utulivu: wasihamishwe, wasipigiwe kelele, wasipitiwe na watu ovyo.

"Saa kumi chumba kiwe wazi," alisema. "Ni masharti, usinichukie mimi."

Mlishaji alimfunga mama yake mgongoni kwa shuka. Njia ya kwenda langoni ilipita kando ya banda la nne. Mlinzi aliwazuia, macho chini.

"Shangazi, zungukeni kule kwenye shimo la kinyesi. Na uvue viatu. Kuku wanapumzishwa."

"Mimi kuku hawa wananijua kwa harufu."

"Najua, shangazi. Ni agizo."

Akavua viatu. Walipofika nyuma ya banda, mama alianza kukohoa. Mlinzi aliwakimbilia, kidole kikiwa mdomoni. Kikohozi kilipozidi alivua kofia yake, akamziba mgonjwa mdomo kwa upole, akatembea nao hivyo mpaka banda likaisha.